Jifunze Kuchonga Shoka la Mkono kwa Hatua Sita

Umechoka na visu vya dukani vinavyoisha makali kabla ya kitunguu? Rudi kwa mafundi wa Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi, Kenya. Karibu miaka milioni moja iliyopita walikuwa kazini, na hadi leo hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

1. Chagua jiwe. Wenzako waliokota mawe ya volkano kwenye miteremko ya mlima Olorgesailie. Ligonge usikilize: likilia kama kengele, lichukue; likijibu kama boga bovu, lina ufa. Libebe mwenyewe, punda bado hajafugwa.

2. Tafuta nyundo. Yaani jiwe jingine, la mviringo, linalojaa kiganjani. Karakana yako imekamilika.

3. Gonga. Katikati utajichosha bure. Gonga ukingoni, pale penye pembe kali kuliko ya tofali. Kibanzi kitaruka upande wa chini, ule usiouona. Geuza jiwe, kovu lililoachwa na kibanzi ndipo pa kugonga tena. Geuza, gonga, geuza, gonga, mpaka litokee umbo la chozi. Chozi la pili utalitoa mwenyewe, kidole gumba kikishapondeka.

4. Usibuni chochote. Hapa ndipo vijana hushindwa. Mashoka ya Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana, yana miaka milioni 1.76, na kwa zaidi ya miaka milioni moja baada yake umbo likabaki karibu lilelile. Hakuna toleo jipya, hakuna la rangi ya dhahabu. Mpwa wako akipendekeza mpini, mwambie atulie. Mipini ni kazi ya wajukuu wake.

5. Tumia. Chuna ngozi, kata nyama. Fundi wa kale, Homo erectus, alikuwa na ubongo mdogo kuliko wako, lakini alikula kabla yako: wewe bado unatafuta plasta.

6. Tupa palepale. Usifagie! Mwaka 1942 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walikuta Olorgesailie mashoka yametapakaa ardhini. Mengi yameachwa yalipolala, na wageni hulipa kiingilio wayatazame kutoka kwenye daraja la mbao.

Kwa hiyo mama akiuliza ni lini utaondoa mawe yako uani, mjibu kwa adabu: “Bado hayajaiva.”