Saini Yangu Imesinyaa: Barua ya Wazi kwa Meneja wa Benki

Mheshimiwa Meneja,

YAH: SHUKRANI KWA KUZILINDA FEDHA ZANGU NISIZIFIKIE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mteja wa tawi lako la hapa Moshi. Mwisho wa mwezi keshia wako aliitazama saini yangu, akaitazama na ile niliyoweka nilipofungua akaunti, akatoa hukumu: "Mzee, hii siyo yako." Ile ya zamani ilijaza kisanduku kizima. Ya sasa inaanza vizuri, kisha herufi zinapungua, hata ya mwisho huioni bila miwani. Akanishauri nikafanye mazoezi nyumbani.

Herufi kusinyaa ni dalili ya Parkinson. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa, na mwili ukaishiwa kemikali ya kuongoza miendo. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, kwa hiyo naelewa kwamba taarifa bado haijafika tawini.

Nampongeza pia mlinzi aliyeninusa mdomo. Miguu yangu iliganda mlangoni, kama ilivyo desturi yake, naye akaona nimeamkia pombe. Bahati nzuri mna mstari wa njano sakafuni wa kupangia foleni. Kwenye kikundi chetu cha wagonjwa tumefundishana kwamba mguu ulioganda ukipewa mstari wa kuvuka, mara nyingi hufunguka. Nikauvuka. Ndiyo tiba pekee mnayotoa bila makato, naomba msiubandue.

Sasa tuje kwenye hesabu. Levodopa, dawa ya Parkinson tangu miaka ya 1960, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwangu kidonge kimoja hushika saa chache tu. Dawa ya kuuzuia ugonjwa usiendelee haijapatikana. Watafiti wanaitafuta, nami nawaombea wawe na kasi kuliko foleni yako. Kidonge nanunua kwa pensheni. Pensheni iko kwako. Kuitoa kunataka saini inayofanana, na mkono bila kidonge hauwezi kuitoa saini hiyo. Aliyebuni utaratibu huu apandishwe cheo.

Wala siko peke yangu. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, hapo jirani, waligundua kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Sijui wangapi kati yao waliambiwa na keshia kwamba wao sio wao.

Wazee wasiojua kusoma mnawalipa kwa dole gumba. Mimi nimefundisha watoto kuandika mpaka nikastaafu. Naomba nishushwe daraja, niwekwe nao.

Wenzangu wa kikundi wamenichangia vidonge vya wiki moja. Nitafika Jumatatu saa tatu asubuhi, dawa ikiwa bado inafanya kazi. Naomba wino uwe tayari dirishani, na mlinzi aarifiwe.

Wako mtiifu,
Mteja mwenye saini ndogo