Namna ya Kuupeleka Ukoo Rumanyika na Kurudi Nao

Anza kwa kutomwambia mtu. Hili ni gumu kuliko kupanda vilima vyenyewe vya hifadhi, maana kwetu Isingiro, Kyerwa, siri ya safari haimalizi kikombe cha uji. Mtoto atamnong'oneza mwenzake wakiwa kisimani, mwenzake atamwambia bibi yake, na kabla jua halijachoma umande shangazi yako wa Kaisho atakuwa amepiga simu kuuliza gari linaondoka saa ngapi. Hatauliza linakwenda wapi. Hilo atalijulia njiani.

Ukishashindwa kutunza siri, na utashindwa, piga hesabu ya abiria. Vipeperushi vya utalii humwonyesha baba, mama na watoto wawili wenye kofia zinazofanana, wote wanacheka kuelekea upande mmoja. Familia hiyo haina baba mdogo ambaye lazima aalikwe kwa kuwa ndiye aliyesimamia msiba wa mwaka juzi. Haina binamu asiye na leseni anayejua kumwelekeza kila mwenye leseni. Haina bibi anayetapika akiona lami na kupata nafuu akiona makorongo. Hao ndio wako. Wahesabu, ongeza wawili watakaopandia njiani, kisha tafuta gari.

Gari ni Noah. Utashauriwa kukodi gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne, na ushauri huo ni sahihi kabisa: njia za ndani ya hifadhi hazina lami, na mvua ikinyesha kilima kinageuka sabuni. Lakini gari la namna hiyo likikodiwa na mtu wa kijijini, mtaa mzima huamini kuna mgonjwa au kuna mgombea. Noah haizui maswali. Ina siti saba kwa mujibu wa kiwanda na kumi na mbili kwa mujibu wa dereva. Ikikwama mtashuka mkasukuma, na hapo ndipo mtakapoelewa kwa nini mlikuja wengi. Ila gari dogo la mchomoko usithubutu kulipeleka kule, hata kama mwenye nalo ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Sasa tarehe. Wataalamu wanasema kipindi kizuri ni kiangazi, Juni hadi Agosti: njia kavu, nyasi fupi, wanyama wanaonekana, na katikati hapo kuna likizo ya shule. Wataalamu hao hawana mibuni. Kiangazi ndicho msimu wa kuvuna kahawa, na mtoto aliye likizo Isingiro yuko likizo ya hesabu tu. Mikono yake iko shambani tangu alfajiri, na jioni anageuza kahawa kwenye jamvi. Desemba shule hufungwa tena, lakini ni msimu wa mvua, na Novemba na Desemba ndiyo miezi ya senene. Sijawahi kuona mtu mwenye akili timamu akiacha senene wanaokuja wenyewe hadi kwenye taa yake, ili akamfuate nyati asiyeliwa. Kwa hiyo tarehe itakayobaki ni Jumamosi moja ambayo hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna mkutano wa kijiji na hakuna kikao cha chama cha msingi. Ikipatikana, usilale.

Fedha je? Usizitafute kwa butura. Najua inavyovutia: mnunuzi anakuja mbuni ukiwa bado unachanua, anahesabu noti mbele ya mkeo, na wewe unamwahidi magunia ya Julai ambayo hata Mungu hajayaamua. Serikali imekataza butura mara nyingi, na kila ikikataza bei hushuka kidogo kwa sababu ya hatari. Mtu aliyeuza maua ili akaone wanyama hurudi nyumbani akakaa kivulini mwa mibuni ya mwenzake. Changishaneni. Shangazi atasema atatoa kwenye kurudi.

Hifadhi zenyewe ziko karibu kiasi cha kutia aibu. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba yalipandishwa hadhi: Ibanda ikawa Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa, kilomita za mraba 298.6 kwenye kona ambako Mto Kagera unatutenganisha na Rwanda na Uganda. Rumanyika Orugundu ikawa Rumanyika-Karagwe, kilomita za mraba 247 za vilima, misitu na mabonde. Mwaka huohuo Burigi, Biharamulo na Kimisi zikaunganishwa kuwa Burigi-Chato, kubwa kuliko hizo mbili kwa mbali, lakini hiyo ina safari yake na ugomvi wake. Kwa ukoo unaotaka milima, chagua Rumanyika. Kwa ukoo unaotaka viboko na nchi tatu kwa mtazamo mmoja, chagua Ibanda. Kwa ukoo usioelewana, tajeni zote mbili kisha dereva aamue kwa kuangalia mafuta.

Inafaa kujua kwamba hamtakuwa watalii wa kwanza wa Karagwe kusafiri vibaya. Mwaka 1861 wasafiri wawili Wazungu, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika, ambaye hifadhi inabeba jina lake, wakiwa na msururu wa wapagazi na mizigo isiyohesabika, na wakiwa hapo wakapata mguu mmoja mbovu. Mguu ulikuwa wa Grant. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao hoteli za leo zingeuita huduma ya juu. Speke alikaa wiki chache, akavutiwa na unene wa wanawake wa ikulu, akaomba kumpima kwa futi shemeji mmoja wa mfalme. Ilibidi naye akunje nguo aonyeshe mikono na miguu yake ndipo akubaliwe. Januari 1862 akaondoka kwenda Buganda, Grant akabaki Karagwe na kidonda chake kwa miezi.

Humo mna mafunzo mawili ya kutosha. La kwanza, kila safari ina Grant wake. Mtambueni mapema na mkubaliane atabaki kwa nani. La pili, shangazi hapimwi kwa futi, hata kama Noah ina siti moja tu iliyobaki. Aketi mbele, ninyi jipimeni nyuma.

Kupakia ni usiku wa kuamkia safari, na ndipo mambo yanapoharibika. Nenda kaangalie buti saa nne usiku utakuta mkungu wa ndizi umelala kama maiti, juu yake sufuria ya familia, juu ya sufuria maharage yaliyochemshwa nusu ili yamaliziwe huko, pembeni dumu la rubisi ambalo mama anadai ni maji na baba anadai ni dawa, na chini kabisa, kwenye kikapu, kuku mzima anayekutazama kwa jicho moja. Mtoe kuku. Mifugo na wanyama wa kufugwa hawaingii hifadhini, na hakuna askari wa wanyamapori atakayeamini kwamba huyu ni zawadi. Kahawa ya kutafuna iache ibaki; itawanyamazisha wazee kuanzia Nkwenda.

Getini kuna sheria ambayo wazee hawajaisamehe: fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, ndipo kizuizi kinyanyuke. Baba mdogo atakuwa ameshika noti zilizokunjwa kwenye leso tangu alfajiri, na kukataliwa kwake atakuchukulia kama dharau ya ukoo mzima. Mpe muda. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipiwi, jambo litakalosababisha kila mtoto kwenye gari, pamoja na yule anayeota ndevu, kuwa na miaka minne na nusu.

Hapo getini kuweni makini na simu zenu, maana upande wetu mtandao hauheshimu mipaka. Utakuwa unasubiri ujumbe wa malipo, badala yake unaingia mwingine unaokukaribisha Rwanda. Na kwa kuwa Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, saa ya simu nayo inarudi nyuma. Binamu ataangalia yake na kutangaza kwamba ni saa tatu, muda upo, hata chai inawezekana. Simu ya dereva iliyoshika mnara wa kwetu itasema saa nne. Mama ataangalia jua na kusema ninyi nyote hamna akili. Fuateni jua: geti linafungwa saa 12 jioni ya Tanzania, na askari hatapokea hoja kwamba kwenu ni saa 11.

Mkishaingia, mwacheni babu aongoze. Vijitabu vitawaambia kuna nyati, pongo, chui, ndege wengi na tumbili. Babu anajua kila mmoja alikuwa anashukia wapi kunywa maji, kwa kuwa huku ndiko yeye na wenzake walikokuwa wakipita zamani kabla mstari wa hifadhi haujachorwa. Tatizo ni moja. Babu humtambulisha kila mnyama kwa ladha yake. "Yule pongo," atasema, na sauti itapanda, "mafuta yake yako mgongoni," na askari aliyepanda nanyi getini atageuza shingo polepole. Hapo mtu amwulize babu kuhusu nyasi. Kwa nyasi hana hatia.

Msisimame kulia chakula popote mnapoona kivuli kizuri. Kivuli kizuri kina nyani. Nyani wa milima hii amezaliwa jirani na mashamba ya mahindi, anawajua watu wa Kyerwa kuliko mtendaji wa kata anavyowajua, na anajua kwamba mwanamume huokota jiwe, mwanamke hupiga kelele, na mtoto huangusha. Atamchagua mtoto. Msimtupie kitu, msimpe kitu, fungeni vioo. Gari la watu kumi na wawili lililofungwa vioo, lenye maharage na bibi wa kutapika, ni mtihani, lakini nyani hachoki mapema.

Mkiwa mmebakiza mafuta, pitieni chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambako watu wanakwenda kuloweka maungo tangu kabla msafiri mwingine, Stanley, hajapita mwaka 1876 na kuwakuta humo. Si hifadhi, si mlima, na haimo kwenye ratiba yenu. Ila shangazi ana magoti, na yeye ndiye aliyeuliza gari linaondoka saa ngapi. Ratiba ni yake.

Atatokea mmoja, kwa kawaida kijana aliyesoma Mbarara, atakayependekeza mvuke Murongo mwende Uganda kuona sokwe wa milimani wa Bwindi na Mgahinga, na ile milima ya volkano yenyewe. Msimcheke, milima ipo kweli, Muhabura peke yake ina mita 4,127. Mwulizeni tu maswali ya kawaida. Nani ana hati ya kusafiria? Nani ana kadi ya chanjo ya homa ya manjano? Na anajua kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwa sokwe hao, kwamba mkiwafikia mnapewa saa moja tu, na kwamba upande wa Rwanda mgeni kutoka mbali hulipa dola 1,500 kwa saa hiyo? Mwana Afrika Mashariki hulipa pungufu zaidi, lakini si pungufu ya kuenea Noah. Wale waliokuwa na miaka minne na nusu getini watadai ghafla kwamba wana kumi na sita.

Tena kuna hatari nyingine isiyoandikwa popote: ukivuka daraja la Kagera pale Murongo unaingia Kikagati, na Kikagati iko wilaya ya Isingiro. Mtakuwa mmetoka Isingiro, mmevuka mpaka wa kimataifa, mmegongewa mihuri, mko Isingiro. Na huko pia kuna ndugu. Atatokea wa kwanza, ataua mbuzi, na safari yenu ya milima itaishia sebuleni kwake mkiangalia picha za harusi.

Speke yeye aliziona volkano hizo, akaziandika kwa jina la Mfumbiro, akiwa amesimama juu ya kilima hapahapa Karagwe, kwa macho yake, bure. Kijana akikazana, mpelekeni kilimani asubuhi baada ya mvua, mwacheni huko na kahawa ya kutafuna.

Kurudi ni rahisi, isipokuwa jambo moja. Majirani wanajua mmetoka safari, na aliyetoka safari hashuki garini mikono mitupu. Hifadhini hairuhusiwi kutoa chochote: si pembe, si unyoya, si kijiwe, si mche wa ua ambalo mama alilipenda. Suluhisho liko Omurushaka. Simamisheni gari, nunueni mikate, na mkate mmoja mkubwa uwe wa mama wa nyumba ya jirani ambaye ndiye atakayesambaza habari. Akiuliza kama huko Rumanyika wanaoka mikate, mwambie ndiyo, na wanaoka vizuri. Ila muwe mmeitoa ile karatasi ya duka.