Kutolipa Kodi kwa Adabu

Waingereza ni watu wa adabu. Hata kutolipa kodi wamekupa majina mawili. Ukisikia "evasion", hiyo ni jinai. Ukisikia "avoidance", ujue kuna mwanasheria aliyelipwa vizuri.

Al Capone, jambazi wa Chicago, hakulipata somo hilo. Damu yote iliyomwagika mjini haikumtia hatiani, lakini mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 jela kwa kodi ya mapato. Fedha alizificha tu, hivi hivi, bila hata karatasi yenye muhuri. Ushamba ulioje!

Tajiri wa London, Duke of Westminster, alikuwa na mtunza bustani. Mshahara wa mtumishi wa nyumbani haupunguzi kodi ya bwana wake, lakini malipo ya hati ya kisheria yaliipunguza, basi duke akamwandikia hati: nitakupa kiasi hiki kila wiki kwa miaka saba. Mtunza bustani akapokea chake kama kawaida, maua yakamwagiliwa kama kawaida. Kilichonyauka ni kodi ya duke. Serikali ikalalamika. Katika miaka ya 1930 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo (duke naye alikuwa mwenzao, lakini tusiwe wachokozi), likaamua hana kosa, kwani kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi ipungue.

Kila mtu! Hata mchuuzi wa samaki wa pale pale London alikuwa na ruksa. Aanze tu kwa kuajiri mtunza bustani.