Sifa za Kikunguru

Mtu akiambiwa kuwa ana tabia za kikunguru hughadhibika, akidhani ametajwa mwizi, mwoga na mdoezi. Nami, kwa idhini ya wasomaji wafugao kuku, nasema kwamba hiyo ni heshima ambayo wengi wetu hatujaistahiki.

Mtazame kunguru pale sokoni Mbuyuni, mjini Moshi, saa wachuuzi wanapofunga biashara: amevaa weusi mwili mzima na kizibao cheupe kifuani, kama karani wa zamani aendaye barazani, hatua zake za adabu, jicho lake halipitwi na kitu, na utumbo wa samaki uliotupwa chini ya meza haupati kuoza mbele yake. Mji huu umetunukiwa mara nyingi tuzo ya usafi miongoni mwa miji ya Tanzania. Lakini mfagiaji huyu asiye na mshahara, likizo wala kiinua mgongo, sijasikia akishukuriwa hata kwa hisani.

Jamaa yake wa mlimani Kilimanjaro, mkubwa wa umbo, mwenye mdomo mnene na kisogo cheupe, amepanda cheo zaidi. Katika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, ambako mgeni aliyetoa mali nyingi huhema na kushika kichwa, yeye huwasili bila kibali, bila mpagazi wala ada ya lango, akafungua zipu ya mkoba kwa mdomo na kutwaa mkate. Wako wauitao wizi. Mimi nauita ushuru, na stakabadhi yake ni ile karatasi iliyochanikachanika.

Hoja ya wenye elimu ya dini ni nzito zaidi, maana Hadithi imemtaja miongoni mwa wanyama watano wafasiki wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Sina jawabu, ila kwamba katika Surat al-Maida ni yeye aliyepelekwa na Mwenyezi Mungu kumwonyesha mwana wa Adamu, aliyeduwaa mbele ya maiti ya nduguye, namna ya kufukua ardhi na kusitiri. Na mwalimu wa maziko, ambaye sote tutaihitaji elimu yake, si insafu kumpigia mawe kwa kifaranga kimoja.

Watu wa pwani husema kunguru hafugiki, nao husema kwa masikitiko. Kuku hufugika, na kila Desemba, Wachaga wa Dar es Salaam wanaporejea Kibosho na Marangu kula sikukuu, huonekana faida aliyoipata kwa utiifu wake.