Kiti cha Mtoa Siri

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,

Sisi waandishi wa habari wa Bukoba na Muleba twakushukuru kwa ihsani ya Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ambayo aghalabu twaijua kwa semina kuliko kwa kuisoma, hata wenzetu wengine huwaahidi watu himaya wasiyokuwa nayo. Kwani sheria humhifadhi apelekaye habari kwa mamlaka husika, na miongoni mwa mamlaka hizo yumo mkuu wa taasisi inayotuhumiwa, ilhali mwandishi hayumo.

Maadamu ndivyo, twaomba kila ofisi ya umma, tangu Kamachumu hata kisiwa cha Goziba, iwekewe kiti cha mtoa siri mlangoni pa mkuu, chenye takia laini, na kando yake kitabu cha wageni chenye safu ya jina, ya kijiji, ya simu, ya ukoo (ambao huku haufichiki), na ya sababu ya kuja, ambapo mgeni ataandika kwa hati safi: "Kumshitaki mwenye ofisi." Katibu muhtasi amkirimu kwa kahawa ya kutafuna, kisha amwarifu bosi, kwa sauti ifikayo barazani, kwamba yule wa siri amewasili.

Laiti kiti hicho kingalikuwapo Septemba 2016, baada ya tetemeko la ardhi la huku kwetu la tarehe 10, Rais alipotengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa tuhuma ya kufungua akaunti iliyofanana jina na ile ya michango ya maafa! Karani mwenye habari angalikwenda kwa staha kumnong'oneza Mkurugenzi.

Lakini tutangazapo redioni kwamba dawa hazipo na fedha zake zimelipwa, wakubwa hawaulizi dawa ziko wapi, huuliza, kila mara, "Nani kawaambia?" Wakishampata humhamishia asikojulikana, mkewe akabaki na migomba na madeni, nasi tukasoma taarifa inayofuata kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Huu ni unyama.

Utuwie radhi, kalamu iliteleza. Twaomba pia zawadi ya mtoa taarifa iletwe kwa bahasha isiyo na jina, na juu ya kiti kibandikwe kile kifungu cha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 chenye kifungo cha miaka 3 hadi 5 kwa atoaye taarifa zilizozuiwa kwa usalama wa taifa, mgeni apate la kusoma akingoja.

Wako mtiifu, ambaye jina lake, bila shaka, limekwisha kuulizwa.