YAH: Deni Linalogawanywa kwa Sifuri

Kwa: Mkuu wa Idara ya Hisabati,
Chuo cha Jamii (jina nalihifadhi; mpangaji hatangazi aibu ya mwenye nyumba),
Ohio, Marekani.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwetu Tanzania barua ya ofisini isiyo na YAH hufungiwa maandazi, nami sitaki hii ikutwe na mafuta.

Awali ya yote, nawashukuru. Nilikuja kwenu kusomea uuguzi, nikidhani muuguzi huanza kwa kujua mshipa wa damu uko wapi. Mkanizindua kwamba sharti kwanza nijue x iko wapi. Mlinipa mtihani wa kupangiwa darasa saa mbili asubuhi, natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Kompyuta haikuuliza nimelala lini. Haikuuliza pia habari za cheti changu cha kidato cha nne, chenye C ya Hisabati, na shuleni kwetu C ya Hisabati ilinunuliwa soda. Kwa dakika 40 ikanitazama na vipeuo vyangu vya pili, kisha ikatoa hukumu: Aljebra ya Kati.

Nilijiuliza sana, kati ya nini na nini? Sasa nimeelewa. Ni kati yangu mimi na mlango wa uuguzi.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yenu. Kozi ina krediti 4, kila moja dola 150: jumla 600. Namba ya siri ya kuingilia programu ya mazoezi ni dola 120. Zote 720. Mimi nalipwa dola 16 kwa saa kabla ya kodi, kwa hiyo kozi yenu ni saa 45 za kuwageuza wazee kitandani wasipate vidonda vya mgongo. Je, katika stashahada yangu zinahesabiwa krediti ngapi kati ya hizo? Sifuri. Nikitaka kujua kila krediti inayohesabika imenigharimu kiasi gani, inabidi nichukue 720 nigawe kwa sifuri. Wiki ya tatu mwalimu wenu alituonya, kwa sauti ya mzazi anayekataza watoto kuchezea waya wa umeme, kwamba jambo hilo haliwezekani. Naomba mumjulishe na mhasibu.

Msidhani nachukia hesabu. Nimelelewa na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, hata nikiamshwa usiku wa manane naitaja. Hapa mjini tuko wanawake kumi na wawili wenye mchezo wa pesa, dola 200 kila mwezi. Mwaka jana mmoja alipokea mwezi wa tatu, akahama jimbo mwezi wa tano. Nani anamdai nani, na zamu zilizobaki zipungue kwa kiasi gani? Tulimaliza jambo hilo kwa simu kabla chai haijachemka. Hakuna aliyeiita aljebra. Hakuna aliyelipa dola 120.

Ila nataka niwasimulie jioni moja ya wiki ya nane. Tulikuwa tumepewa mlinganyo huu: x² + 10x = 39. Mwalimu aliujaza ubao kwa kanuni, akafuta, akaondoka. Ana madarasa mengine mawili mji wa pili na hana kosa. Nikabaki kwenye korido, karibu na mashine ya soda, nimeshika kichwa. Nyuma yangu darasani huketi Papa mmoja wa Uvira, fundi ujenzi wa miaka mingi, mtu asiyesema hovyo. Akachukua kifuniko cha boksi la piza, akatoa penseli sikioni.

“Mama, angaliya,” akasema. Akachora mraba. “Hii ni shamba. Upande wake hatujui, tuite x.” Akaongeza kipande kirefu kuliani, kingine chini, kila kimoja upana 5. Tano na tano ndizo zile 10 za x. Shamba na vipande vyake, eneo lote 39. Pale chini kuliani kona ikabaki wazi, kama nyumba iliyokosa tofali la pembeni. “Kona hii, 5 kwa 5?” Nikasema 25. “Basi ziba.” Tukaziba: 39 na 25 ni 64. Mraba wa 64 upande wake ni 8. Ondoa ile 5 tuliyoongeza. Imebaki 3.

Ndugu Mkuu, nilipiga kigelegele korido nzima ikageuka. Tangu kidato cha pili nimeambiwa “kamilisha mraba”, na hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kuna mraba kweli, na kwamba una kona inayovuja.

Baadaye nikaja kusoma kwamba Papa hakubuni. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliuchora mraba huo Baghdad yapata mwaka 820, kwa namba zilezile, 10 na 39. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake: al-jabr, kukirudisha kilichovunjika mahali pake. Hispania ya zamani hata fundi wa kuunga mifupa aliitwa algebrista. Kumbe nilikuwa nimekuja uuguzini kwa njia ya mkato bila kujua! Na al-Khwarizmi hakuandika ili kuwachuja watu. Alisema anaandika kwa ajili ya mirathi, wasia, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Pwani ya kwetu kazi hiyo twaijua: akifa mtu, hutafutwa anayejua kugawa, mjane mwenye watoto apewe thumni yake kwanza, ndipo watoto wafuate. Aljebra ilizaliwa msibani, watu wakisubiri haki zao.

Basi nikaenda nyumbani nina furaha, nikaandika kwenye programu yenu: 3. Ikawaka nyekundu. Kumbe kuna jibu la pili, hasi 13. Sibishi, mwenye madeni anazijua namba hasi kuliko mwalimu yeyote. Lakini al-Khwarizmi hakuyahesabu majibu hasi. Yeye angeandika 3, akafunga kitabu, akaenda kuswali. Maana yake, katika kozi yenu, mwenye aljebra angefeli, arudie muhula ujao, alipe tena 720.

Nikajaribu tena: 3 na -13. Nyekundu. Programu haitaki “na”, inataka mkato.

Najua mtasema kanuni ni kanuni. Lakini wenzenu wameanza kulegeza. California ilitunga sheria mwaka 2017 inayovibana vyuo vya jamii visimrundike mwanafunzi kwenye kozi za namna hii ila kwa ushahidi kwamba hatafaulu akianzia juu. New York, katika vyuo vya CUNY, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi walioonekana dhaifu: waliowekwa aljebra ya awali walifaulu asilimia 39, waliopelekwa moja kwa moja kwenye takwimu, yenye krediti, wakapewa na msaada wa ziada, walifaulu asilimia 56. Mimi kwa C yangu naona 56 ni kubwa kuliko 39. Kama kuna alama nyingine ya kulinganisha, mnifundishe.

Maombi yangu ni matatu. Krediti tulizolipia zihesabiwe. Anayekwenda uuguzini afundishwe uwiano wa dozi na takwimu, huku akisaidiwa, badala ya kusubirishwa nje. Na kila mwalimu apewe kifuniko kimoja cha boksi la piza.

Mtihani wa mwisho ni Ijumaa. Mlinganyo ule ukitokea nitaandika majibu yote mawili, kwa mkato kama mpendavyo. Ile 3 ni yangu, kwa sababu ndiyo yenye shamba. Hasi 13 mpelekeeni mhasibu.

Wako katika kuitafuta x,

Mwanafunzi wa zamu ya usiku.

Nakala: Mhasibu, Papa wa Uvira (kwa taarifa na shukrani).