Ombi la Mgao wa Jua

Kwa Waheshimiwa Wapitisha Ramani,
Nairobi.

KUH: KUSHIRIKISHWA KWA WAKAZI WA KILIMANI NA KILELESHWA

Wakazi wa mitaa iliyotajwa hapo juu wanawasalimu kwa heshima zote na kuwashukuru kwa kuwaalika tena watoe maoni kuhusu jengo la ghorofa nyingi litakalojengwa jirani nao. Mwaliko waliukuta umebandikwa kwenye mabati yaliyozungushiwa ploti. Kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo ilibidi wasogee karibu, na waliposogea wakapata nafasi ya kuchungulia kwenye tundu la mabati. Shimo la maegesho ya chini lilikuwa limekwisha chimbwa, nondo zimesimama, na mafundi wa mjengo wenye kofia za njano walikuwa wakimimina zege huku wakisubiri kwa hamu maoni ya wananchi.

Hawakushangaa. Hivyo ndivyo wanavyoshirikishwa kila mara, na wamekwisha kuzoea kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu.

Karatasi yenyewe ilikuwa imenyeshewa. Jina la mkandarasi lilisomeka vizuri, nambari ya ploti ilisomeka kwa shida, na tarehe ya mwisho ya kutoa maoni ilikuwa imeyeyuka kabisa. Wanajua kwamba matangazo mengine hupelekwa gazetini, na wanawapongeza kwa kuyachagulia mahali: kati ya hatimiliki zilizopotea na watu waliobadilisha majina, kwa herufi zinazohitaji miwani na dua. Jirani ana siku 14 za kupinga. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali kitangulie jembe, na Katiba ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, kifungu cha 10, kwa yeyote mwenye nafasi ya kufungua kitabu.

Kisha kuna mkutano. Hema jeupe, viti vya plastiki, soda baridi, na mtaalamu wa mazingira mwenye fomu. Kwenye fomu, manufaa ya mradi yana mistari sita na madhara yana miwili. Mzee mmoja akiandika "vumbi", ripoti ya mtaalamu itamjibu kwamba maji yatanyunyizwa. Akiandika "kelele", itamjibu kwamba mafundi watapewa vifaa vya kuziba masikio. (Vya mzee mwenyewe havimo kwenye bajeti.) Mwisho wa yote hupitishwa daftari la mahudhurio, na hapo ndipo wakazi walipochelewa kuerevuka: sahihi ya mtu aliyekuja kupinga huambatishwa kwenye faili kuthibitisha kwamba alishirikishwa. Aliyekunywa soda amekubali.

Waheshimiwa wana haki ya kujua kwamba barua hii nusura isiandikwe, kwa sababu waandishi wake hawapatani. Mama mwenye nyumba ya chini yenye parachichi uani anataka urudishwe mwongozo wa mwaka 2004, ulioruhusu fleti za ghorofa 4 na si zaidi katika Kilimani na Kileleshwa. Bwana wa ghorofa ya 8 anaiona ghorofa ya 8 kuwa kipimo cha ustaarabu na ya 16 kuwa unyama, na hapendi kukumbushwa kwamba jengo lake lilisimama juu ya bustani ya mtu. Kijana aliyepanga chumba ghorofa ya 11 aliwaambia wote wawili kwamba bila mnara anamopanga angekuwa Kitengela, akiamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu.

Kijana ana hoja. Sensa ya mwaka 1999 ilihesabu watu 2,143,254 jijini. Ya mwaka 2019 ikahesabu 4,397,073, na watu hao hawawezi kulala juu ya mparachichi. Aliyesoma historia aliongeza kwamba bustani zinazoliliwa ni urithi wa enzi ambayo Mzungu aligawiwa eka na hewa upande huu, na Mwafrika akagawiwa chumba upande wa mashariki. Ramani kuu ya mwaka 1948 iliyaandaa makao makuu ya koloni, haikuwaandaa wajukuu wa wapishi kuja kupanga hapo. Kikao kilinyamaza kidogo. Halafu mtu mwingine akaitaja Pipeline kule Embakasi, ambako fleti za kupanga zimebanana hadi taa zinawashwa saa sita mchana. Marie Huchzermeyer alizilinganisha nyumba za aina hiyo za Nairobi na zile za Berlin ya karne ya 19 katika kitabu chake cha mwaka 2011. Kwa hiyo Kilimani haikugundua giza. Imefikiwa nalo tu, na kwa kuwa ina mawakili wengi, imeanza kupiga kelele.

Walipokubaliana ni hapa: ghorofa zijengwe. Wasichokubali ni kuulizwa swali ambalo jibu lake limekwisha kumiminiwa zege.

Baada ya hapo waligeukia maombi, na ombi la kwanza ni kubwa.

Waheshimiwa wanafahamu kwamba wakazi hawa ni watu wa mgao. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, wakati Nairobi ilikuwa na watu wasiofika nusu ya wa leo. Siku hizi maji huja kwa ratiba iliyochapishwa mtaa kwa mtaa, na yasipokuja kwa ratiba, huja kwa boza. Kila mnara mpya huchomekwa kwenye bomba lile lile, na maji yale ya kunyunyizia vumbi, yaliyoahidiwa kwenye ripoti, mara nyingine ndiyo pekee yanayoonekana mtaani wiki nzima. Lakini ratiba ni kitu cha heshima. Mtu akijua zamu yake, hupanga ndoo zake.

Wanaomba ratiba kama hiyo ya jua.

Wameandaa rasimu ili kuwapunguzia kazi. Jumatatu na Alhamisi, Lenana na Wood Avenue, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Jumanne, Kindaruma, upande mmoja tu. Upande wa pili usubiri mwanya kati ya minara miwili ya mwisho kabla nao haujapitishiwa ramani. Jumatano na Jumamosi, Othaya Road na Mandera Road. Jumapili hakuna, mitambo itakuwa ikifanyiwa ukarabati. Kwa kuwa Nairobi iko karibu nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, jua hukaa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini. Kwa hiyo zitahitajika ratiba mbili kwa mwaka, na fleti zote zinazotazama kusini zitumiwe barua ya pole ifikapo Aprili. Mwezi wa Julai huduma itasitishwa kwa sababu zisizoepukika, yaani mawingu, lakini ada ya mwezi italipwa kama kawaida.

Kila dirisha liwekewe mita. Mteja anunue tokeni kwa simu, na akiishiwa saa tatu asubuhi nguo zikiwa nusu kavu, akope kwa riba. Wapangaji wa ghorofa za juu kabisa wapewe bei ya jumla. Wa ghorofa ya kwanza waandikiwe bili ya kukadiria, kwa kuwa msomaji mita hataona namba gizani. Atakayepatikana na kioo roshani akivuta mwale uliokusudiwa jirani ahesabiwe mwizi wa jua. Askari wa kanju wakichukue kioo, na kioo kirudi jioni kwa njia zinazojulikana. Kwa mitaa itakayorukwa na ratiba, yaandaliwe maboza ya jua: malori yenye vioo vikubwa mgongoni, yanayoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu na kumulika kamba ya nguo kwa dakika kumi kwa bei ya dharura. Wenye malori wasiulizwe majina, kama wenye maboza ya maji wasivyoulizwa.

Pendekezo hili lina faida moja ambayo wakazi wanaamini itawavutia waheshimiwa: kitu kikishakuwa na mgao, kinaweza kuwa na leseni, na kikiwa na leseni kinaweza kuwa na foleni mlangoni mwa ofisi.

Wa kwanza kwenye foleni hiyo atakuwa mzazi wa mtoto mchanga. Kliniki humwambia mama amtoe mtoto nje aote jua la asubuhi. Mama wa ghorofa ya 3 hushuka ngazi kwa sababu lifti imezimwa, huvuka barabara akiwapisha bodaboda, na kusimama kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, katikati ya harufu ya petroli, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mtaa isiyo na kivuli saa mbili asubuhi. Mlinzi humwambia haruhusiwi kusimama pale. Mtoto ana wiki tatu.

Hapa wakazi wanaomba radhi, kwa sababu adabu inawatoka. Mlikuwa wapi? Mnazo ramani, mna wahandisi, mna magari ya kufika, na mna macho. Mnajua bomba la maji taka ni la kipenyo gani na lililazwa kwa ajili ya nyumba ngapi, na bado mlipiga muhuri. Usiku wa 29 Aprili 2016 jengo la fleti liliporomoka Huruma, mvua ikinyesha, kando ya mto, na zaidi ya watu 45 wakafa. Lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Watu walilala ndani ya alama hiyo wakilipa kodi kila mwezi, na kila aliyekuwa na mamlaka ya kuwatoa alikuwa na faili mezani inayosema wametahadharishwa. Karatasi ilikuwepo. Kwenu karatasi huwa ipo sikuzote, na mtu akifa mnaitoa hiyo karatasi.

Wakazi wamekunywa maji (ya boza) na wanaendelea kwa unyenyekevu.

Maombi yaliyobaki ni madogo. Mto Kirichwa Kubwa upewe kibali cha kukaa Kileleshwa, maana majengo yaliyo kwenye kingo zake yanavyo na wenyewe unaonekana kuwa mvamizi. Malori ya zege yanayofika saa nane usiku yasomewe kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazoruhusu mjengo ulio karibu na makazi desibeli 60 mchana na 35 usiku. Mtikisaji wa zege akiweza kufanya kazi kwa desibeli 35, apewe nishani. Zimamoto wawaeleze wa ghorofa ya 18 ngazi yao inaishia ya ngapi, ili wajue umbali wa kuruka. Mama mboga aliyeondolewa na mabati arudishiwe kona yake. Ndiye pekee aliyekuwa akiwauliza wakazi wanahitaji nini kabla ya kuleta.

Na endapo mgao wa jua utaonekana kuwa mzito kwa bajeti ya mwaka huu, wakazi wako tayari kupokea kitu cha bei nafuu zaidi. Bango lisimamishwe kwenye ploti siku ombi linapofika ofisini, likiwa na idadi ya ghorofa, idadi ya fleti, maji yatakakotoka na bomba litakalopokea maji taka. Mkutano uitishwe nyasi zikiwa bado ziko. Daftari la mahudhurio liwe na safu mbili, ya wanaokubali na ya wanaokataa, na nakala yake ibaki kwa wakazi. Majibu yatolewe kwa maandishi na yeyote aliye tayari kuandika jina lake chini. Mashine haihitajiki, wala mkopo kutoka nje.

Wakisubiri hayo, wakazi wameanza kuzijua njia. Anayepinga leseni ya mazingira ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, na siku hizo hupita upesi kwa mtu aliyekuwa akisubiri lifti itengenezwe. Kwa hiyo neno la mwisho wanawaelekezea majirani wao wa Lavington, Parklands na South B, na yule wa Pipeline ambaye hajawahi kubandikiwa chochote. Fungueni gazeti kwenye kurasa za matangazo, tafuteni nambari ya ploti ya jirani yenu, na mkikuta karatasi kwenye mabati, ipigeni picha pamoja na shimo lililo nyuma yake, tarehe ikionekana. Mkutanoni msitie sahihi kabla ya kuandika pembeni ya jina kwamba mmepinga.

Wenu watiifu,
Wakazi.